Vipande vya Okazaki: ni "waligundua", sio "aligundua"

Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani, noti za chuo zile ambazo kila mwaka naapa nazitupa na kila mwaka nazirudisha kwenye boksi, nikakutana na ukurasa wa somo la DNA. Noti zangu nilikuwa naandika Kiswahili maana nikiwa na haraka ndo lugha inayonitoka, na pale nimeandika kwa mwandiko wa mtu anayekimbizana na mwalimu: "Okazaki aligundua vipande vifupi, 1968." Basi. Mstari mmoja. Chini yake kuna mchoro wa mishale inayopishana ambao hata mimi niliyeuchora sielewi nilikuwa namaanisha nini.

Kilichonikamata ni hiyo "aligundua". Kiswahili hakikuambii kama mtu ni mwanaume au mwanamke, kwahiyo mzee wa Kijapani mwenye miwani na koti jeupe ambaye nimeishi naye kichwani miaka yote hii nilijitengenezea mwenyewe, hakuna aliyenidanganya. Ila kwenye idadi lugha yetu haina utani, mmoja ni a-, wawili ni wa-. Na Okazaki walikuwa wawili. Reiji na Tsuneko, mume na mke, labu moja, swali moja: seli inanakilije DNA yake? Na yule mke ndiye aliyebaki na lile swali miaka mingi baada ya mwenzake kufariki, akalichimba mpaka likaisha ubishi. Sasa hiyo nusu ya pili ya stori ndo kwenye noti zangu haipo kabisa, na nikiwauliza wenzangu wa kazi nao hawana, kwahiyo leo nataka niiandike, itakuwa ndefu kidogo mnisamehe.

Kwanza tatizo lenyewe, maana bila hilo huwezi kuona walichofanya kina uzito gani.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, hiyo inajulikana toka 1953. Mwaka 1958 Meselson na Stahl wakaonyesha kwamba seli ikinakili DNA yake kila uzi wa zamani unabaki na unatengenezewa mwenza mpya, safi kabisa. Lakini kuna jambo ambalo ukilisoma mara ya kwanza unaliruka: nyuzi hizo mbili zinaelekea pande tofauti. Mmoja kichwa chake kiko kule ambako mwenzake ana miguu. Wataalamu wanaita ncha ya 5' na ncha ya 3'. Alafu kimeng'enya (yaani protini inayofanya kazi maalumu ndani ya seli) kinachojenga uzi mpya, polimerasi, ambacho Arthur Kornberg alikipata katikati ya miaka ya 50 na kikampa Nobel 1959, kina tabia moja ya ukaidi, kinaongeza nyukliotidi, yaani zile herufi za DNA, upande mmoja tu, ile ncha ya 3'. Hakirudi nyuma. Hakibembelezeki.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Nyuzi zinafunguka kama zipu, pale zinapoachana panaitwa njia panda, na njia panda inasonga mbele, John Cairns alishaonyesha picha yake 1963 kwa bakteria wa E. coli. Uzi mmoja hauna shida, polimerasi inaufuata njia panda inavyofunguka, inateleza tu. Ule mwingine je? Ili uzi wake mpya ukue kuelekea njia panda, polimerasi ingebidi iandike kinyumenyume, na haiwezi. Watu wengi wa wakati ule jibu lao lilikuwa kwamba lazima kuna kimeng'enya kingine bado hatujakiona, kinachojenga upande wa pili. Wakatafuta. Hakikuonekana, na mpaka leo hakijaonekana.

Wazo la Okazaki lilikuwa kwamba huenda hakuna kimeng'enya kipya cha kutafuta. Huenda ule uzi wa pili unajengwa vipande vipande, kila kipande kinajengwa upande ule ule wa kawaida, yaani kwa kuipa njia panda mgongo, kisha njia panda ikifunguka zaidi kinaanzwa kingine mbele yake, alafu baadae viraka vyote vinaunganishwa. Fundi anashona kuelekea kwako ila anasogea kwenda mbali na wewe. Ukisoma haraka unasema haya, kitu rahisi. Kukithibitisha ndo kazi, maana kama seli inaunga vipande mara moja, wewe utavionaje?

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo kwao wenyewe.

Reiji alizaliwa Hiroshima 1930. Ndiyo, Hiroshima, na ile Agosti ya 1945 alikuwa kijana wa miaka 14 na mionzi ya lile bomu ilimpata. Tsuneko alizaliwa Nagoya 1933. Walikutana Chuo Kikuu cha Nagoya, wakaoana 1956, mwaka ule ule Tsuneko alipomaliza shahada yake. Wakaanza kufanya utafiti pamoja na mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaenda Marekani, kwanza St. Louis, kisha kwenye labu ya Kornberg kule Stanford. Stanford Reiji alifanyia kazi kimeng'enya kinachoitwa thaimidini kinasi, na hiki sikitaji kwa mapambo. Thaimidini ni malighafi ya mojawapo ya herufi nne za DNA, na hiyo kinasi ndo inayoipokea ikishaingia ndani ya seli na kuitengeneza iweze kutumika. Ukiielewa vizuri unajua thaimidini uliyoimwaga nje ya bakteria inachukua muda gani na njia gani kufika ndani ya DNA. Waliporudi Nagoya hilo likawa ndo silaha yao, maana jaribio lao lote lilisimama juu ya thaimidini iliyowekewa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo popote ilipo unaweza kuihesabu.

Jaribio lilikuwa hivi. Bakteria wanakua kwenye chupa. Unawapa thaimidini yenye alama kwa muda mfupi sana, sekunde tano, sekunde kumi, kisha unawamwaga kwenye barafu yenye sianidi ili kila kitu kisimame hapo hapo. Chochote kilichojengwa ndani ya zile sekunde kina alama, cha zamani hakina. Lakini E. coli kwenye joto lake la kawaida ananakili kama nyukliotidi elfu moja kwa sekunde kwenye kila njia panda, na vipande vyenyewe tunajua sasa vina urefu wa kama 1,000 mpaka 2,000, yaani kipande kizima kinaanza na kuisha ndani ya sekunde moja au mbili, hapo sekunde kumi ni umri wa mtu mzima. Kwahiyo wakashusha joto mpaka nyuzijoto 20 ili bakteria wawe wavivu. Mimi hapa nawavulia kofia, maana sio mashine mpya wala kemikali ya ajabu, ni kupunguza tu moto.

Baada ya hapo DNA inatolewa, inawekwa kwenye alkali ili nyuzi mbili ziachane, inamwagwa juu ya mrija wenye maji ya sukari ambayo chini ni mazito na juu mepesi, inazungushwa kwenye sentrifyuji kwa kasi kubwa kwa masaa. Vipande virefu vinashuka chini, vifupi vinabakia juu. Kisha unatoboa mrija unakinga tone kwa tone kwenye vikopo na kila kikopo unahesabu mionzi yake. Niliwahi kufanya kitu cha namna hiyo nikiwa mwanafunzi, mrija mmoja, vikopo thelathini na kitu, na katikati nikapotea hesabu nikawa sijui niko kikopo cha ngapi, siku nzima ikaenda na maji. Hawa walifanya mirija mingapi sijui ila nikiangalia grafu zao naona mikono yao.

Na grafu zilisema. Wakitoa alama sekunde chache tu, sehemu kubwa ya DNA mpya iko juu, mifupi. Wakiongeza muda, alama inahamia chini, mirefu. Maana yake vifupi vinaunganishwa vinakuwa virefu. Hiyo ndo pepa ya 1968 ambayo sote tumeisikia.

Lakini mtu mbishi angesema, na walisema, huenda DNA yenu inakatika mikononi mwenu, mnaitikisa mno. Jibu lao lilikuwa zuri mno. Mwaka mmoja kabla, 1967, labu kadhaa zilikuwa zimegundua ligasi, kimeng'enya kinachounganisha DNA iliyokatika. Wao wakachukua virusi vya bakteria viitwavyo T4, aina ambayo ligasi yake inakufa ukipandisha joto. Joto la chini, vifupi vinatokea na kupotea kama kawaida. Pandisha joto, fundi wa kuunga anakufa, vifupi vinarundikana. Kama ni kutikisika mikononi, joto lingehusika vipi na ligasi? Baadae walivyopata E. coli asiye na polimerasi ya kwanza ya Kornberg, wakaona vipande vinaungwa polepole sana, yaani polimerasi hiyo nayo ina kazi pale kwenye kuziba mapengo. Picha ikaanza kujaa.

Mwaka 1968 hiyo hiyo walipeleka matokeo kwenye mkutano mkubwa wa Cold Spring Harbor, Marekani, na haikuchukua muda vikaanza kuitwa kwa jina lao. Vipande vya Okazaki. Watu wengi stori yao inaishia hapa, mtihani umeisha, kalamu chini.

Bado swali. Polimerasi haiwezi kuanza. Inaweza kuendeleza tu, yaani lazima ikute kipande kidogo kimeshashika pale ndo iongezee. Aliyewahi kufanya PCR, ile njia ya kunakili DNA maabara, anajua hili kwa uchungu wa mfukoni, ndo maana tunaagiza praima, yaani vipande vya kuanzia. Sasa kama ule uzi wa pili unaanzwa upya kila sekunde moja, mbili, nani anaanzisha? 1971 Brutlag, Schekman na Kornberg wakatoa wazo kwamba inawezekana ni RNA, yule binamu wa DNA, kwa sababu kimeng'enya cha kutengeneza RNA kinaweza kuanza bila kitu, na waliona dawa inayokiua inazuia kunakili DNA ya kirusi kimoja kuanza. (Schekman huyo ndiye aliyekuja kupata Nobel 2013, kwa kitu kingine kabisa cha usafirishaji ndani ya seli, watu wengine wana bahati ya kupita kila mahali.) Basi 1972 kundi la Nagoya likaja na ushahidi kwamba vipande vya E. coli vina kipande kidogo cha RNA kichwani.

Na hapa ndo ilipoanza kazi ngumu. Kumbukeni ile alkali niliyosema inatenganisha nyuzi? Alkali hiyo hiyo inayeyusha RNA. Njia ile ile iliyowaonyesha vipande ndo iliyokuwa inavikata vichwa kabla hawajavitazama. Alafu ndani ya seli yenyewe RNA inaondolewa haraka sana, ni jukwaa la ujenzi, nyumba ikisimama linang'olewa. Alafu tena, bakteria amejaa RNA za kila aina, zinang'ang'ania kila kitu, kwahiyo ukiona RNA imeambatana na DNA unajuaje kwamba imeshonwa pale na sio kwamba imejibandika tu? Maabara nyingine zikawa hazipati walichopata Nagoya. Ubishi ukawa ubishi kweli.

Katikati ya ubishi huo, tarehe 1 Agosti 1975, Reiji akafariki. Saratani ya damu. Miaka 44. Miaka thelathini kasoro siku chache toka lile bomu.

Tsuneko alikuwa na miaka 42, ana watoto wawili, ana labu ambayo jina lake mlangoni lilikuwa la mume wake, na ana hoja ambayo nusu ya dunia inaikubali na nusu inaitilia shaka. Mimi hapa sitaki kuongeza chumvi, sikuwepo, sijui usiku wake ulikuwaje. Ninachojua ni kazi iliyofuata, na kazi hiyo inaongea yenyewe.

Kundi lake lilikuwa na ujanja mmoja ambao mimi naupenda kuliko hata jaribio la 1968. Kama alkali inayeyusha RNA, basi acha iyeyushe, ila angalia inaacha nini. DNA iliyokuwa imeshonwa moja kwa moja na RNA, ukiila RNA kwa alkali, ncha ya DNA inayobaki inakuwa haina fosfati, kikundi kidogo cha atomi. DNA ya kawaida ncha yake inakuwa na fosfati. Tofauti ya kitu kidogo mno, na kuna kimeng'enya kinachotoka kwenye bandama ambacho kinakula DNA kuanzia ncha isiyo na fosfati tu, yenye fosfati hakiigusi. Kwahiyo unazifunga kwanza ncha zote zilizokuwa wazi, unaweka alkali, kisha unakileta kile kimeng'enya cha bandama. Kinachokula sasa ni zile tu zilizokuwa zimebeba RNA. Yaani hushiki RNA yenyewe, unashika kovu lake. Kile kilichokuwa kinaharibu ushahidi ndo kikawa kinautoa. Njia hiyo walikuwa wameshaianzisha Reiji akiwa hai, kisha Tsuneko na wanafunzi wao wakaipeleka mbele.

Mwaka 1977 likaja pigo lingine na hili wengi hatulisikii darasani. Kundi moja la Marekani lilionyesha kwamba seli kuna wakati inakosea inaweka urasili, herufi ya RNA, kwenye DNA mahali pa thaimini, herufi ya DNA, kisha mafundi wa seli wanaikata ile sehemu ili wairekebishe. Ukikata unapata nini? Vipande vifupi. Mara swali likageuka: jamani huenda hivi vipande vya Okazaki, au sehemu yake kubwa, havijengwi vifupi, vinajengwa virefu kisha vinakatwa kwenye urasili. Fikiria sasa wewe ndo Tsuneko. Miaka miwili tu toka umzike mwenzako, watu wenye data nzuri tu, sio wababaishaji, wanasema inawezekana mliona takataka za ukarabati.

Na kiukweli hoja ilikuwa ya haki, baadhi ya vipande kweli vilikuwa vinatoka huko. Sayansi ndo ilivyo, sio kila anayekupinga ana roho mbaya. Ila bakteria waliotolewa kile kimeng'enya kinachoondoa urasili, ambao hawana jinsi ya kukata hapo, bado walitoa vipande vifupi. Na zaidi ya hapo kulikuwa na ile RNA ya kichwani. Kipande kilichokatwa kutoka kwenye uzi mrefu hakiwezi kuwa na RNA kichwani, kimeitoa wapi? Chenye RNA kilianzwa pale pale, upya. Ile RNA ni cheti cha kuzaliwa. Kwahiyo kile kitu kidogo alichokuwa anakikimbiza miaka yote, ambacho wengine waliona ni cha pembeni tu, ndo kilikuja kubeba hoja nzima.

Wakaendelea mpaka wakajua hiyo RNA imeandikwaje. Kwenye kirusi cha T7 ni nyukliotidi nne tu, inaanza na A kisha C. Kwenye T4 ni tano. E. coli mwenyewe aliwasumbua zaidi, ilibidi watumie wale waliopungukiwa vimeng'enya vya kuondoa praima ili ikae muda wa kutosha, na ni katikati ya miaka ya 80 ndo ikaonekana vizuri kwamba ina urefu wa kama kumi au zaidi kidogo. Hesabu hiyo miaka: wazo la RNA 1971, jibu kamili la E. coli katikati ya 80. Vitabu vimeweka mstari mmoja, "RNA hutumika kama praima".

Mwaka 1983 akawa profesa kamili Nagoya. 

Huwa najiuliza kwanini hakuachia pale, maana alikuwa na kila sababu ya kukaa na kuwa mama wa Okazaki, kualikwa mikutano, kupigwa picha. Badala yake akageukia kitu kingine, senta ya kromosomu, sentromea, pale pembamba ambapo seli ikigawanyika kamba zinashika kuivuta kila nakala upande wake. Kwa binadamu pale pana DNA inayojirudiarudia mamilioni ya herufi, kwa wakati ule ilikuwa kama jalala, nani anataka kuisoma. Kundi lake likapata kipande kifupi ndani ya yale marudio ambacho protini ya sentromea inakishika, na mwaka 1998 wakafika mahali pa kutengeneza kromosomu bandia ya binadamu, unaiingiza kwenye seli na seli inainakili na kuigawa kama ya kwake. Mtu aliyeanza na sekunde tano za bakteria kwenye barafu. Kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu mwingine maisha yote.

Tuzo alipata, mwaka 2000 ile ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake wanasayansi, na 2021 Japani ikampa Nishani ya Utamaduni, ambayo ni kubwa kwelikweli kwao, akiwa na miaka 88. Watu huwa wananiuliza Nobel je. Nobel hawapewi marehemu, kwahiyo kwa Reiji mlango ulifungwa 1975. Kwa Tsuneko mi maoni yangu ni kwamba mlango haukufungwa, ulisahaulika kufunguliwa, lakini hayo ni maoni yangu na sina siri yoyote ya kamati.

Nilipiga hesabu ya haraka jana usiku, sijui kwanini, usingizi ulikuwa umegoma. Kwenye seli zetu vipande hivi ni vifupi kuliko vya bakteria, chini ya 200 hivi. Seli moja ya binadamu ina jozi kama bilioni sita na kitu za herufi. Gawanya. Kila seli inapogawanyika inashona zaidi ya vipande milioni 30, kila kimoja na kichwa chake cha RNA, kila kichwa kinang'olewa, kila pengo linazibwa, kila kiungo ligasi inakipitia. Na saa hizi unavyosoma hapa kuna seli zako kwenye utumbo na kwenye uboho zinafanya hivyo.

Kuna mwanafunzi mmoja kwenye labu yetu nilimwambia hizi habari wakati tunasubiri mashine imalize, akaniuliza swali moja tu: kwani walikuwa wanagawanaje kazi, nani alikuwa anafanya nini? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kwenye pepa majina yao yako pamoja mistari ile ile, na ukitaka kuchomoa kipi cha mume na kipi cha mke utachoka bure, nadhani hata wao mezani hawakuwa wanagawana. Ninachoweza kuonyesha kwa kidole ni tarehe. Kabla ya Agosti 1975 ni wawili, baada ya hapo kwenye orodha kuna T. Okazaki, na inaendelea miaka na miaka.

Noti sijazitupa mwaka huu pia. Nilichukua kalamu nyekundu nikafungua ule ukurasa, nikatafuta nafasi kabla ya "aligundua", ilikuwa finyu kidogo, nikabananisha "w" pale.